Kiti cha Phantom sebuleni: ndege ya kivita ikistaafu huenda wapi, na ndani yake hubaki nini

*Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni dereva wa lori hapa Marekani, kwetu ni Tanga. Kila nikifika Tucson, Arizona, nikaacha barabara kuu ya I-10 na kushika Kolb Road, naona ndege za jeshi zimepangwa jangwani mamia kwa mamia, nyingine zimepakwa kitu cheupe kwenye vioo. Kwa macho yangu ni nzima. Kwa nini zinaachwa zioze juani wakati nchi zetu zingezihitaji? Zina ubovu gani? La pili, kuna mzee ananiuzia kiti cha rubani cha ndege ya Phantom, kile kinachoruka na mtu, kwa dola 2,500. Anasema kimeshakufa. Nataka nikiweke sebuleni, baadaye nikisafirishe Dar kwa shemeji yangu mwenye yadi ya vyuma chakavu. Yeye anadai ndani ya ndege hizi mna madini ya bei. Ninunue?*

Ndugu yangu, naanzia mwisho: usinunue bado. Na kama kiti kimeshafika kwako, usikikalie, usivute chochote, na watoto wasikisogelee. Sababu zake nitakupa kwa kirefu huko chini. Ila ili uelewe kwa nini kiti "kilichokufa" kinaweza kuwa hai, lazima kwanza tuongee juu ya hizo ndege unazozipita, maana kosa la yule mzee na kosa la macho yako ni moja. Wote wawili mnapima uhai wa kitu cha kivita kwa kukitazama kwa nje.

Eneo unalolipita ni sehemu ya kituo cha jeshi la anga cha Davis-Monthan, na kikosi kinacholisimamia ni cha 309 cha matunzo na ufufuaji wa ndege. Wenyeji hupaita makaburini, na jina hilo limepotosha watu wengi. Kazi hiyo ilianza mwaka 1946, vita kuu ilipokwisha na Marekani ikabaki na ndege ambazo haikujua izipeleke wapi. Eneo ni la ekari 2,600 hivi. Hawakuchagua Tucson kwa bahati nasibu. Mvua ni haba, hewa ni kavu, na ardhi ya pale ina tabaka gumu la chokaa linaloweza kubeba ndege ya tani nyingi bila zege wala lami. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua bati la pwani linavyoliwa na chumvi. Ndege ni bati la bei mbaya zaidi duniani, na adui yake ni yuleyule.

Kwa hiyo hazijaachwa zioze. Ndege ikifika pale huvuliwa kwanza bunduki, baruti zote za kiti na za kifuniko cha rubani, na vifaa vya siri. Huoshwa, na iliyotoka kwenye meli huoshwa zaidi kwa sababu ya chumvi. Mafuta hunyonywa, kisha mfumo mzima hujazwa oili nyepesi, inazungushwa mpaka kwenye injini, halafu inamwagwa ili ibaki ngozi nyembamba ya oili inayozuia kutu na kuzuia mipira isikauke. Baada ya hapo matundu yote huzibwa kwa karatasi na utepe, na juu yake hupuliziwa kile kitu cheupe ulichokiona. Tabaka za chini ni nyeusi, za kuziba vumbi, unyevu na wadudu, na ya juu ni nyeupe kwa ajili ya kurudisha mwanga wa jua. Bila koti hilo, joto ndani ya ndege kiangazi linaweza kukaribia nyuzi 93 za Selsiasi, na joto hilo huua vifaa vya umeme na plastiki. Likiwepo, ndani hubaki karibu sawa na nje, tofauti ya nyuzi 8 hivi.

Halafu zinapangwa kwa madaraja, na hapa ndipo utajua ipi ni mzima na ipi ni marehemu. Daraja la 1000 ni akiba halisi: haitolewi hata parafujo bila kibali cha juu, na kila baada ya miaka minne inafunguliwa, inapimwa na kuhifadhiwa upya. Daraja la 2000 ni stoo ya vipuri. La 3000 zimeegeshwa kwa muda tu, zikisubiri uamuzi. La 4000 zimeshahukumiwa, kinachobaki kifaacho kitachukuliwa na mwili utakatwa. Ukiwa barabarani huwezi kutofautisha ya 1000 na ya 4000 iliyopakwa rangi vizuri. Kuna ndege pale zinang'aa na hazitaruka tena kamwe.

Sasa ubovu wenyewe. Ndege ya kivita haihesabu umri wake kwa miaka. Inauhesabu kwa saa za kuruka na, muhimu zaidi, kwa namna ilivyorushwa saa hizo. F-16, kwa mfano, ilisanifiwa kwa saa 8,000. Basi la mikoani linalotembea saa 15 kila siku linafikisha saa hizo kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Ndege ya kivita inayoruka saa 250 kwa mwaka hutumia miaka 32. Ukisikia hivyo utadhani ni dhaifu kuliko basi. Tatizo ni mzigo unaobebwa ndani ya saa hizo.

Rubani akikata kona kali, uzito wa kila kitu huongezeka. Wao huita g: g 1 ni uzito wa kawaida, g 6 ni mara sita. Phantom yenye mafuta na silaha ina tani 18 hivi. Katika g 6, mabawa yake yanabeba tani 108. Lori lako likijaa kwa kiwango cha sheria ya Marekani lina tani 36 hivi, basi weka malori matatu ya namna hiyo juu ya mabawa mawili, yashushe, yapandishe tena, mara kadhaa kila safari. Chukua waya wa alumini uukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza huoni kitu, ya kumi huoni kitu, ya ishirini unakatika ghafla. Ndani ya waya kulikuwa na ufa mdogo uliokuwa ukikua kila unapoukunja. Huo ndio uchovu wa metali. Chuma cha kawaida kikibebeshwa mzigo mdogo kinaweza kuvumilia karibu bila mwisho, lakini alumini haina msamaha huo. Kila mkunjo unaandikwa. Na hesabu haiendi sawasawa: ukiongeza mkazo kwa robo tu, umri wa kipande unaweza kupungua kwa nusu. Ndiyo maana ndege mbili zilizotoka kiwandani wiki moja, moja ikafundishia vita vya angani na nyingine ikafanya doria za mwendo wa taratibu, hazina umri mmoja. Ndani yake mna kifaa kinachohesabu ni mara ngapi imefika g 4, 5, 6 na kuendelea, na mafundi hukokotoa kwa tarakimu hizo wala si kwa kalenda.

Ushahidi upo. Tarehe 2 Novemba 2007, F-15C ya Missouri ilikatika vipande viwili angani katika mazoezi. Rubani alitoka na majeraha. Wachunguzi walikuta boriti moja ya ubavuni, karibu na chumba cha rubani, ilikuwa nyembamba kuliko mchoro ulivyoagiza tangu ilipotengenezwa. Kwa miaka zaidi ya 25 kosa hilo lilikuwa limekaa kimya, ufa ukikua kidogo kidogo, na kwa nje ndege ilikuwa safi. Jeshi likasimamisha ndege za aina hiyo zote mpaka zikaguliwe.

Uchovu si peke yake. Kutu huanza pale parafujo ya chuma inapogusana na alumini na maji yakaingia katikati, maana metali mbili tofauti na unyevu ni betri tayari. Gundi ya kuziba matangi ndani ya mabawa hukauka na kupasuka. Nyaya huvunjika ganda. Kingine ambacho watu hawakifikirii ni kwamba mtengenezaji wa sakiti fulani ya rada ameshafunga duka, kwa hiyo kipuri kinapatikana kwa njia moja tu, nayo ni kukichomoa kwenye ndege nyingine iliyolala jangwani. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya zile za daraja la 2000, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa kuliko zote. Mguu mmoja wa gurudumu ukitoka pale ukafungwa kwenye ndege inayoruka, umeokoa miezi ya kusubiri kiwanda.

Umeuliza kwa nini tusipewe sisi. Swali lina haki yake, na jibu lake halihusu uchoyo peke yake, ingawa siasa zipo. Kuna sheria inayoruhusu Marekani kutoa ndege za ziada kwa marafiki wake, ila "kama ilivyo, pale ilipo". Indonesia ilipewa F-16 24 zilizokuwa zimestaafu. Ndege zenyewe zilikuwa zawadi. Gharama ya kuzifufua, kuimarisha viunzi, kufanya upya injini na kubadili vifaa vya umeme ilikadiriwa mwaka 2011 kufika dola milioni 750. Gawanya kwa 24 uone: ni zaidi ya dola milioni 31 kwa kila ndege ya bure. Za kwanza zilifika mwaka 2014. Na hapo hujaweka mafuta. Injini mbili za Phantom zikiwashwa moto wa nyuma (mafuta ya ziada yanayochomwa nyuma ya injini) kwa nguvu zote usawa wa bahari hunywa zaidi ya kilo 500 kwa dakika. Tangi za ndani, lita 7,000 hivi, zinaisha kwa dakika 10 na ushee.

Kenya ilifanya jambo lenye akili zaidi ilipochukua ndege zilizotumika. Ilinunua F-5 kutoka Jordan wakati tayari ilikuwa inarusha F-5 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mafundi walikuwepo, vifaa vya kazi vilikuwepo, vitabu vilikuwepo. Ndege ya mtumba inayolingana na uliyonayo ni akiba, lakini ya aina mpya kabisa ni mwanzo wa gharama ambazo hujaziona. Hata Waingereza waliliona hilo. Baada ya vita vya mwaka 1982 vya visiwa vya Falklands, walivyopigania na Argentina, walipeleka Phantom zao huko, nyumbani kukabaki pengo, wakanunua Phantom 15 za aina ya F-4J kutoka jangwa hilohilo unalolipita. Zikafanyiwa matengenezo San Diego na kuingia kazini mwaka 1984. Lakini Phantom za Kiingereza zilikuwa na injini za Rolls-Royce, hizi zilikuwa na za General Electric, kwa hiyo stoo zikawa mbili, mafunzo mawili, na hata kofia za marubani zikawa za Kimarekani. Zilidumu mpaka mwaka 1991 hivi, kisha karibu zote zikakatwa. Moja iko kwenye jumba la makumbusho la Duxford.

Upande wa siasa mfano wake ni F-14. Zilipostaafu mwaka 2006, nchi pekee nyingine iliyokuwa nazo ilikuwa Iran, iliyopokea 79 kabla ya mapinduzi yao. Marekani ikaona kila kipuri kinachouzwa kwenye soko la mitumba kinaweza kuishia Tehran, ikaanza kuzisagasaga kwa mashine F-14 zilizokuwa zimelala Davis-Monthan, ikabakiza chache za makumbusho. Zilizosagwa zilikuwemo zenye vipande vizima kabisa. Hapo ubovu haukuwa na la kusema.

Phantom yenyewe, mama wa kiti chako, iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1958, na zikatengenezwa 5,195, kati yake 138 zikiwa zimeundwa Japani. Jeshi la anga la Marekani liliacha kuzitumia vitani mwaka 1996. Baada ya hapo kundi kubwa lilitolewa jangwani, likafungwa mitambo ya kuongozwa kutoka mbali, ncha za mabawa na mkia zikapakwa rangi ya machungwa, likawa shabaha za kufundishia makombora juu ya Ghuba ya Mexico na jangwa la White Sands. Zaidi ya 300 zilibadilishwa hivyo, na ya mwisho iliruka Desemba 2016. Kwa hiyo Phantom nyingi hazikufa kwa kutu wala kwa msumeno, zilikufa kwa kombora zikiwa hazina mtu. Ujerumani iliziaga mwaka 2013, Japani 2021, Korea Kusini Juni 2024. Kila mahali zilipostaafu, viti vilitawanyika, na kimoja ndicho hicho cha mzee wako.

Tuje kwenye kiti sasa. Viti vya Phantom ni vya Martin-Baker, namba 7. Kazi yake ni kumtoa mtu ndani ya ndege hata ikiwa imesimama chini, na kumpeleka juu vya kutosha ili mwavuli ufunguke. Kwa nguvu za springi haiwezekani, ni baruti. Nyuma ya mgongo kuna bomba linalofanya kazi kama mzinga: katriji ya kwanza inawaka, kiti kinaanza kupanda, katriji nyingine zinafuata na kuongeza msukumo. Chini ya makalio kuna kifurushi cha roketi kinachowaka kiti kikishatoka. Ubavuni kuna bunduki ndogo inayofyatua risasi nzito ya chuma ili ivute mwavuli mdogo nje. Kuna kikata kamba kinachotumia katriji. Kuna kifaa kinachovuta mikanda ya mabega ili rubani akae wima, nacho kina katriji yake. Hesabu: angalau sehemu tano tofauti zenye baruti, na mtu anayesema "roketi imeshatolewa" amezungumzia moja.

Baruti za katriji hizi zina tarehe ya kwisha, na ndiyo maana muuzaji anasema kimekufa. Hapo ndipo kosa lilipo. Tarehe ikipita, maana yake mtengenezaji hadhamini tena kwamba itawaka inavyotakiwa. Haisemi kwamba haitawaka. Baruti iliyozeeka na kukaa kwenye joto la Arizona inaweza isiwake kabisa, au iwake kwa kuguswa kidogo kuliko zamani, na hakuna jicho litakalokwambia ni ipi. Pini za usalama zenye vitambaa vyekundu nazo zisikupe imani. Pini inazuia mshikio usivutike, lakini haiondoi baruti iliyo nyuma yake, na pini za kuuzia watalii zinapatikana kila duka. Neno la Kiingereza la "hakina baruti" lililoandikwa kwa rangi ubavuni halithibitishi chochote, mtu yeyote mwenye brashi anaweza kuliandika. Na si watu wa kawaida tu wanaodhurika. Novemba 2011, rubani wa kikosi cha maonyesho cha Uingereza aliuawa na kiti kilichofyatuka ndege ikiwa imeegeshwa, kwenye kituo chenye mafundi waliosomea.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kutoa hata senti, mwombe mzee karatasi ya mtu au kampuni yenye sifa ya kazi hiyo inayosema kiti chenye namba hii kimeondolewa katriji zote na roketi, zikitajwa moja moja. Linganisha namba hiyo na kibao kilichopo kwenye kiti. Kitazame bila kugusa, upige picha, na omba pia karatasi ya mauzo inayoonyesha kilivyotoka serikalini. Vifaa vya jeshi la Marekani vina msimbo wa namna ya kuharibiwa, na vyenye msimbo D lazima viharibiwe kabisa kabla ya kutoka. Kiti kilichotoroka bila kufuata njia hiyo kinaweza kuhesabiwa kuwa bado ni mali ya serikali, nawe ukakutwa nacho. Karatasi zisipokuwepo, achana nacho. Dola 2,500 zitapata kazi nyingine.

Kama uliniandikia ukiwa umeshakibeba, basi usikirudishe kwa gari. Sema ukweli kwa polisi wa hapo ulipo, uwaambie ni kiti cha ndege ya kivita na hujui kama kina baruti. Watamtuma mtaalamu wa mabomu, na kazi hiyo wameizoea, huwa wanaitwa kwa mabomu ya mkono ya mababu waliofariki. Kumbuka pia leseni yako. Kubeba vilipuzi kwa lori bila idhini ya mizigo hatari ni kosa linaloweza kukuondoa barabarani, na bima haitakujua.

Kukisafirisha Dar ni jambo la pili, na hata kikiwa kitupu kabisa lina mtego. Vipande vya ndege za kivita viko chini ya udhibiti wa usafirishaji nje wa Marekani, vingine chini ya wizara ya mambo ya nje, vingine ya biashara. Mtu binafsi kuviweka kwenye kontena pamoja na friji na matairi bila leseni ni kosa la jinai, na forodha hawaulizi kama ulikusudia mapambo. Hapa usinitegemee mimi wala jamaa wa mtandaoni. Nenda kwa mwanasheria au wakala anayeshughulikia leseni hizo, umpe namba na picha.

Mwambie shemeji yako haya, kwa heshima. Phantom tupu ina uzito wa tani 13 hadi 14 hivi, na nyingi ni alumini, lakini si alumini ya fremu za madirisha. Imechanganywa na zinki na shaba, kwa hiyo mwenye tanuru makini atailipa chini au ataikataa, maana inaharibu mchanganyiko wake. Titani ipo sehemu za nyuma karibu na injini, na hiyo ni mali kweli ikitenganishwa safi. Dhahabu ipo kama ngozi nyembamba kwenye ncha za viunganishi vya umeme, na asidi na muda wa kuitoa vinaweza kukugharimu kuliko unachopata. Zebaki nyekundu haipo, si kwenye ndege wala popote. Yeyote anayemwambia ipo anamtafutia njia ya kumla hela.

Kilichomo hasa ni sumu. Rangi ya chini ya kijani-manjano mara nyingi ni kromati, na vumbi lake ukilipiga msasa linasababisha saratani. Boliti nyingi zimepakwa kadimi, na ukizikata kwa moto wa gesi moshi wake unaweza kuua mtu siku moja au mbili baadaye, akidhani ana homa ya mapafu. Magnesi ikishika moto usiimwagie maji. Mita za zamani zilizokuwa ziking'aa gizani zina radiamu: mng'ao umekwisha lakini mionzi ipo, kwa sababu nusu-uhai wake ni miaka 1,600. F-16 ina tangi dogo la haidrazini la mfumo wa dharura, ujazo wa lita 25 hivi, na mvuke wake ni sumu kali. Tairi za ndege hizi hujazwa upepo zaidi ya mara mbili ya tairi za lori lako, na miguu ya magurudumu ina gesi ya nitrojeni iliyobanwa. Kijana wa yadi akiupiga mguu huo shoka kabla ya kuutoa upepo, hatauona ukimjia. Ikitokea kipande cha ndege ya jeshi kimeingia yadini, kikae pembeni bila kukatwa, aitwe mtu wa Tume ya Nguvu za Atomiki apime mionzi, na jeshi lijulishwe kama kuna chochote chenye bomba, katriji au springi nzito.

Kama unachotaka ni kumbukumbu ya ukutani, wapo wanaouza vipande vya bati la ndege vilivyokatwa kutoka kwenye mwili, vikiwa na namba ya ndege na karatasi yake. Chagua kisichobanduka rangi, usikipige msasa, kipake vanishi iliyo wazi pande zote mbili ili rangi ya kale ibaki imefungwa humo, kisha unawe mikono. Na kwa kuwa unapita Tucson, jumba la makumbusho la Pima liko jirani tu na uwanja huo, na Phantom zimo. Simama nyuma ya mojawapo, chini ya mkia ulioinama, utazame lile bati lisilopakwa rangi lililopita juu yake moto wa injini mbili. Lina mawimbi ya bluu na kahawia. Hiyo ndiyo titani ambayo shemeji yako anaiota.